Kidole Kimoja, Chumvi

Kwenye picha nyingi za Odilon Haegeman
utaona mkono, kushoto, chini kabisa,
umeshika sufuria ya pili.
Mkono ule ni wangu.

Miaka kumi na mitatu, kila Alhamisi saa mbili usiku,
nilipiga magoti nyuma ya meza ya studio mjini Ghent,
na juu yangu mtu wa kilo mia na kumi
akipiga mayai mpaka povu, akiimba,
akiwasalimu kome kwa majina ya mawaziri.
Kome asiyefunguka alimtupa ndooni:
"Huyu hasemi kitu. Mrudisheni bungeni."

Hakuanzia jikoni. Alianzia kwenye kodiani,
kwenye harusi za wafumaji,
bendi ikamfukuza kwa kuongea kuliko kupiga.
Baba yake, mwoka mikate, alimwambia:
mdomo huo utakulisha au utakuua njaa.
Ukamlisha. Na mimi nikala humo humo.

Usiku wa kwanza samaki alimponyoka, pwaa, sakafuni.
Akamwokota, akamfuta kwa tai yake, akamwomba radhi.
Kesho yake, barua magunia mawili.

Kisha homa ya mwaka sabini na nne.
Alipona, ila pua na ulimi havikurudi.
Alikuja kuninong'oneza karibu na friji:
"Lieve, vitunguu vimekuwa karatasi."

Basi tukatunga lugha.
Mimi naonja kwanza, kule chini, kwa kijiko cha bati.
Kidole kimoja, chumvi.
Viwili, limau.
Ngumi: acha, usiguse kitu.
Halafu yeye anachota mbele ya nchi nzima,
anafumba macho, anakawia,
"Aaah!"
na nchi nzima inameza mate.

Wasemao mgema akisifiwa tembo hulitia maji
hawakumjua huyu.
Kila alipozidi kusifiwa
ndivyo macho yake yalivyozidi kushuka chini ya meza
kunitafuta.

Walipompa kijiko cha dhahabu
alimshukuru mama yake, marehemu baba yake,
na ng'ombe wote wa Flanders.
Mimi, la.
Nilibandika chuki yangu jikoni nikaichochea,
lakini haikupata kuiva: usiku ule ule alibisha hodi,
kijiko kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki.
"Kaa nacho wewe. Mimi nitaonjea nini?"

Ikaja televisheni ya rangi. Akaja mkurugenzi kijana
asiyekula siagi.
Kipindi kilikufa kwa barua ya mistari minne.
Mara ya mwisho nilimwona mbele za watu
akifungua duka la vyakula huko Aalst,
amevalishwa vazi la liki, majani kichwani,
anawachekesha watoto watatu na mbwa.

Sasa yuko kwenye nyumba ya wazee, kando ya mto Leie.
Jumapili nampelekea supu: kuku, liki, krimu, yai.
Wauguzi hawamjui. Mmoja tu alisema,
bibi yangu alikupenda mpaka babu akanuna.

Jana alichota, akasita,
akainamisha macho chini ya meza.
Mkono wangu ukajiendea wenyewe. Kidole kimoja.
Akapapasa, akapita chumvi, akashika sukari.

Nilimwacha.

Akakoroga. Akafumba macho, akakawia,
"Aaah!"
Na mimi, Mungu anisamehe,
nikameza mate.