Sufuria ya Pili

Alhamisi jioni, pale Uyole, ghala la viazi la Mwaisumo
linageuka studio.
Magunia yanasukumwa ukutani, taa tatu zinawashwa,
Gwakisa anavaa kofia ndefu ya mpishi
iliyoshonwa kwa foronya ya mama yake:
"Karibuni Jikoni kwa Wakubwa!"
Ananguruma, na pua inamchuruzika kwa baridi ya Juni.

Mgeni wa kwanza, mwimbaji maarufu wa kwaya,
alimenya ndizi kama anayefungua barua ya posa.
Wa pili, mchezaji mpira mstaafu,
alisonga ugali kwa mguu.
La, hapo nimetia chumvi;
ila mwiko aliushika kama kibendera cha kona.
Diwani naye alionja mchuzi, akakohoa,
akasema suala la nyanya liko kwenye mchakato.

"Na sasa," husema Gwakisa, "kwa uchawi wa televisheni!"
Anainama chini ya meza, anaibuka na sufuria ya pili,
chakula kimeiva, kinafuka moshi.
Watu hucheka. Kila wiki hucheka papo hapo.

Hicho chakula nakipika mimi.
Nyuma ya turubai, tangu saa sita mchana,
maana makande hayajui mzaha.
Jina langu hupita mwishoni, mbiombio,
kati ya fundi umeme na mwenye jenereta:
Tumpe M.
Em ya nini, hawasemi.

Alhamisi iliyopita alikuja Bi Ambwene wa redio,
sauti iliyotusomea matangazo ya vifo
miaka ishirini na sita.
Akapewa kisu. Akasafisha koo.
"Ukoo wa Vitunguu unasikitika kutangaza
kifo cha mpendwa wao, kilichotokea ghafla ubaoni.
Habari ziwafikie Karoti wa Uporoto, Hoho wa Ilomba,
na Mchele popote alipo, Kyela."
Mpiga picha alicheka hadi picha ikatikisika.

Kisha akaonja sufuria ya pili.
Akanyamaza. Akaonja tena.
"Hii kapika nani?"
"Uchawi, Bi Ambwene!"
"Mwanangu, nimekuuliza jina."
Akafunua turubai.

Mimi huyo, macho mekundu kwa moshi,
shavu limejaa kiazi.
Aliniuliza, nikamjibu kwa taabu.
Akaigeukia kamera, na kwa sauti ileile,
ileile iliyomsoma baba yangu mwaka ule:
"Tunawatangazia ndugu, jamaa na marafiki
kwamba Tumpe binti Mwakyoma, wa Uyole,
yu hai.
Habari ziwafikie Sekela wa Tukuyu,
Anyosisye wa Chunya,
na wote waliokula bila kuuliza."

Hakuna aliyecheka.
Jenereta tu, ikikohoa.

Halafu Gwakisa: "Samahani, betri ya kamera ilikufa.
Turudie?"

Tulirudia. Nilitia tena kiazi shavuni.
Safari hii watu walicheka, kidogo, kwa adabu,
na nyuma yangu makande
yalikuwa yanaungua.