Tundu za Kofia

Alinisalimia kwa Kiswahili.
Hapo ndipo nilipokwisha.

Miaka thelathini na nane niko hapa Sib,
Kiarabu changu bado kinachechemea sokoni,
halafu jioni moja ya Shaabani, sauti laini:
"Shikamoo shangazi, napiga kutoka benki.
Kumbe wewe ni wa kwetu?"
Wa kwetu.
Nikaitika marahaba kwa moyo wote,
nikauliza mama yake hajambo,
nikamwomba anisubiri niweke sindano.

Alitaka tarakimu sita tu, zilizoingia kwenye simu.
Nilimsomea polepole, miwani puani,
kama ninavyomhesabia mteja chenji.
"Ahsante shangazi, Mungu akuzidishie."
Riali mia sita na arubaini zikatoka
kabla sijauona tena uzi wangu.

Mzijue riali hizo.
Kofia moja ya mkono ni miezi miwili,
kila tundu nalizungushia uzi mpaka macho yatoe maji,
na bei yake arubaini, nikibahatika.
Hesabu nimeifanya usiku, mara nyingi:
ni vichwa kumi na sita vya wanaume
wanaokwenda harusini
bila kujua wamevaa macho yangu.

Sikumwambia mtu.
Ghaniya, binti yangu, aliponiuliza sauti ina nini,
nikasema mafua.
Wahenga wamesema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.
Nikawaamini wahenga siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili akapiga mwingine.
Huyu wakili, na jina lake lina "daktari" mbele.
Alijua kiasi. Alijua siku.
"Tumewakamata, mama. Pesa zako naziona hapa.
Tuma riali sabini tu, za kufungulia faili."

Mkono ukaenda kwenye pochi wenyewe.
Wallahi ulikwenda.
Aliyeibiwa hatamani kupata, anatamani kurudishiwa,
na kiu hiyo ni kali kuliko tamaa.

Kilichonizuia si akili.
Kofia ilikuwa mapajani, uzi nimeukata vibaya,
tundu likaanza kufumuka,
na kidole kikalibana kabla halijalifikia la pili.
Nikakitazama kile kidole.
Nikasema, "Daktari, nani kakwambia nimeibiwa?
Maana hata mwanangu hajui."

Kimya. Kisha ule mlio wa simu iliyokatwa.

Ghaniya alikuja usiku uleule kutoka Barka, buibui kalivaa kinyume.
Hakunigombeza. Asubuhi alinivalisha viatu.
Benki wakafunga kadi, na kijana wa dirishani akasema kweli:
"Zilizokwenda, usizitegemee."
Polisi wakanipa karatasi yenye namba;
ipo ndani ya kopo la nyuzi.
Mfunguo Mosi zilirudi arubaini na tano.
Nyingine, basi.

Nikasimulia kwenye kahawa ya Jumatatu, kikombe kikigonga kisahani.
Nilingoja kicheko.
Bi Shinuna, aliyesomesha hesabu miaka yote ile,
akatua tende aliyokwisha kuimenya kokwa.
"Mimi elfu mbili," akasema. "Na nusu."
Mwengine akaonyesha mkono usio na bangili.
Ndipo nikawajibu wahenga:
huu sikujidunga. Nilidungwa.

Kitu kimoja hakijarudi, nacho ni marahaba yangu.
Namba nisiyoijua ikinipa shikamoo, nanyamaza kwanza.
Tarakimu simpi mtu, hata akilia.

Juzi akapiga mtoto wa kaka yangu, kutoka Wete,
au mtu aliyesema ndiye.
Nikamuuliza jina la mbuzi wetu aliyetumbukia kisimani.
Alicheka mpaka akakohoa, akalitaja.
Nikaweka sindano chini,
nikaitika.