Daftari la Dobrawa

Katowice, Februari, theluji imegeuka tope.
Dobrawa ananisogezea daftari,
jalada lina doa la supu ya bitiruti.
"Nakili kwa mkono. Picha utaisahau."

Marzanna, ukumbi wa harusi, Gliwice:
hulipa usiku huohuo,
ila hataki besi kabla ya keki.
Zdzisław, klabu ya wachimba makaa:
mpigie baada ya misa, kabla ya hapo ana kisirani.
Huyu wa Opole, kwa wino mwekundu:
deni langu la mwaka juzi bado analo.
Nenda, lakini shika chako kwanza
ndipo uwashe mashine.

Miaka kumi na moja ya kubisha milango.
Namba zimekatwa, zikaandikwa, zikakatwa tena.
Moja haina mkwaruzo: Bożena, Tychy.
"Alifariki. Ndiye aliyenipa usiku wangu wa kwanza.
Mwandike naye."

Hunihofii? namuuliza. Jumamosi za mwezi ni nne tu.
Anapuliza chai.
"Nilipokuwa naficha, niliugua,
na hapakuwa na wa kunishikia zamu."

Nikaandika mpaka vidole vikafa ganzi.
Ukurasa wa mwisho ulikuwa mtupu.
"Huo wako," akasema. "Mwezi wa sita uniletee."