Dakika Ishirini na Tano na Robo

Lachlan, leo nimeifungua bunduki yako.
Otago, Julai, barafu imeganda kwenye nyasi kama chumvi,
kondoo wa Purvis wametolewa uwanjani
na bado wanalalamika ng'ambo ya uzio.
Tamihana ameshapandisha bendera nyekundu.
Ameniuliza mara mbili kama nataka chai.
Hakuuliza lingine.

Nilijua nitakayoyakuta: mkanda ulioiva kwa jasho lako,
kitako ulichokichonga upya baada ya bega kuvunjika,
harufu ya mafuta.
Sikujua kuhusu darubini.

Ulinifunza wewe, nina miaka kumi na minne,
kifudifudi juu ya gunia, meno yakigongana:
risasi haiendi moja kwa moja, Ngaire.
Anayesema inaenda hajapiga mbali.
Inaanza kuanguka papo hapo inapotoka mtutuni.
Kazi yako ni kuujua huo mwanguko
na kuulipa mapema.

Ukanionyesha kigurudumu kilichoketi juu ya darubini,
kidogo kama kifuniko cha chupa ya dawa.
Ukikizungusha kinalia: tik.
Kila mlio ni robo ya dakika,
na dakika hizi si za saa, ulisema, ni za pembe,
ni uwongo mdogo tunaoutia kati ya jicho na mtutu
ili ukweli ufike.
Kwa yadi mia tisa, tik moja ni vidole vitatu.
Vidole vitatu vimewahi kuninyima kombe.

Na ile sheria yako, hata siku ya mvua ya mawe:
ukimaliza, rudisha sifuri.
Usiiache bunduki ikikumbuka umbali wa jana.

Basi mbona haiko sifuri?

Nimevua glavu. Nimesoma mistari kwa miwani,
nimeisoma bila miwani.
Dakika ishirini na tano na robo.
Milio mia na moja.

Nikafungua daftari lako, penseli ingali imefungwa kwa uzi.
Yadi mia nane: tisini na mbili.
Mia tisa: mia moja na kumi na mbili.
Mia na moja haimo.
Mia na moja ni majani tu kati ya tuta na tuta,
mahali pa kondoo,
hakuna mtu aliyewahi kulala hapo na kulenga.

Nikaelewa polepole, jinsi baridi inavyopanda kutoka kwenye turubai.
Ulikuwa njiani.
Umemaliza mia nane, umebeba vitu vyako nyuma,
umelala, umeanza kuhesabu,
na ulipofika tisa
mkono ukakaa.
Tamihana aliniambia mazishini: alikaa kimya muda mrefu,
nikadhani anausoma upepo.

"Upo tayari, Ngaire?"
Sijui nilimjibu nini.
Kidole gumba na cha shahada vilikuwa juu ya chuma.
Kurudi nyuma, mia na moja.
Kwenda mbele, kumi na moja.
Sheria yako naijua.

Niliandika kwanza: 101, tarehe yako, bila maelezo.
Kisha nikahesabu kwa sauti, kama mtoto apandaye ngazi gizani,
moja, mbili, tatu,
na ya saba ilikuwa nzito, labda ni baridi,
labda grisi ya zamani.
Kumi na moja.

Bendera ya mbali ililegea.
Nikatoa nusu ya pumzi, nikabakiza nusu.

Kule handakini shabaha ilizama, ikakaa, ikapanda tena
na kibandiko cheupe chini ya katikati.
Vidole sita.
Hewa ya leo ni nzito, Lachlan, hewa ya Julai;
namba zako ulizipata Februari.

Nikaongeza tik. Nikaongeza tik.
Hizo mbili hazimo daftarini.