Mito ya Kukodisha

Ninayo mito mia nne, ya kijani,
kila mmoja na namba yake ya chaki.
Zamani, kabla seti ya kwanza haijaisha,
ghala lilikuwa tupu. Watu walikalia magazeti,
walikalia makoti; bwana mmoja wa benki
alikalia kofia yake na hakujuta.

Hapa Lindenbruch barua zilichelewa Julai nzima:
tarishi Gerwin alisimama kwenye kila dirisha lenye redio.
Ukuta wa gereji ya muuza nyama
ulijaa madoa ya mipira, mekundu kwa vumbi la uwanja,
watoto wakiugombania tangu alfajiri.
Muuza nyama alifoka.
Kisha akanunua raketi.

Mto haukauki siku moja.
Kwanza tenisi ikahamia chaneli ya kulipia.
Kisha mipira ikaongeza kasi, au macho yetu yakachoka:
paa! pointi imekwisha, nami bado nafungua soda.
Kisha wakamwondoa Irmtraud, mwamuzi wa mstari,
aliyezomewa miaka kumi na tisa
na kila mwaka akarudi na viatu vyeupe.
Siku hizi mashine hutamka "nje"
kwa sauti ya mwanamke asiyekuwapo.
Haikosei. Nani ataizomea?
Nusu ya utamu ilikuwa kumwona mtu akikosea mchana kweupe,
nasi, tuliokaa mbali kuliko yeye, tukijua zaidi.

Viwanja vya nyuma wamevikata vidogo vidogo
kwa ule mchezo mpya wa kuta za kioo.
Kule kuna vicheko, kuna bia,
mjukuu wangu yuko kule.
Simlaumu.

Leo, nusu fainali, nimekodisha mito kumi na moja.
Wa kumi na mbili kaja kuuomba kijana mrefu,
goti limefungwa bendeji.
"Euro mbili," nikasema, "na moja ya amana."
Akahesabu senti. Akalala safu ya mwisho kabisa,
mto chini ya kichwa,
wenzake wakigonga na kuguna kule chini.

Jioni akaurudisha, kaupangusa.
"Juzi nilicheza uwanja wa tatu. Ulinitazama?"
Juzi nilikuwa ghalani, nikikung'uta vumbi mito
ambayo hakuna aliyeikalia.
"Nilikutazama," nikasema.
"Ule mpira wa mwisho ulikuwa ndani."
Akakaa kimya, akiuvuta uzi wa bendeji.
"Hata mimi," akasema, "niliuona ndani."