Kitunguu cha Dakika Arobaini

Jua la Vardø halina adabu mwezi wa sita:
saa sita usiku bado limekaa dirishani
kama mgeni aliyekwisha kunywa kahawa, aliyekwisha kuaga,
na viatu hajavaa.

Sasa mwambie mtoto, "Zima taa, ulale."
Taa ipi?

Jorunn, miaka tisa, hulala na kitabu
kama wengine walalavyo na paka.
Husoma akipiga mswaki, povu likidondokea sura ya pili.
Husoma akila; nimekuta mwiba wa samaki
ukurasa wa themanini na moja, umelazwa kuwa alama.
Mwalimu Haldis kaniandikia kwa kalamu nyekundu:
*Amesinzia tena kwenye hesabu.
Wenzake wanaruka kamba, yeye yuko nyuma ya mapipa ya taka, anasoma.*

Basi nikatunga sheria, mimi Gunnvor,
niamkaye alfajiri kuosha korido za zahanati
(alfajiri! neno tu, jua halikwenda popote),
nikaitunga nimesimama, mikono ina sabuni:
dakika arobaini kwa siku. Basi.
Nikaleta kisaa cha mayai, cha plastiki, umbo la kitunguu;
ukikizungusha kinatafuna muda, krr, krr, krr,
kisha kinalia kama kuku aliyekanyagwa.
Hapo kitabu kinapanda kabatini, nyuma ya unga.

Hakulia. Ingekuwa nafuu.
Aliuliza tu: "Picha zinahesabika?"
"Zinahesabika."
"Na nikirudia ukurasa niliokwisha kuusoma?"
"Nao pia."
"Na nikiwaza?"
Nikamwambia ale viazi vyake.

Alhamisi likaja basi la maktaba.
Dereva Ingolf kamwekea vitabu sita, kama kawaida;
mtoto akachukua kimoja.
Ingolf akanitazama
kama mtu aliyemnyima mwanawe maziwa.
Nilitaka kumwambia: ni mimi nimfungaye vifungo asubuhi
yumo usingizini bado, mkono huu, kisha huu,
kama navalisha henga.
Nikasema, "Leo kuna upepo."

Halafu usiku mmoja nikapita mlangoni pao na kapu la nguo.
Mapazia meusi nimeyabana kwa vibanio,
lakini jua limepata upenyo, uzi mmoja ukutani.
Na sauti. Jorunn anamsimulia mdogo wake Eskil
kuanzia pale kitunguu kilipomkata:
farasi jike, jicho moja la buluu,
amesimama juu ya barafu, na barafu inaongea,
na kila aisikiaye sharti aijibu uongo mmoja.
"Akajibu nini?"
"Ngoja. Bado anafikiri."
Nami na kapu langu, soksi zikidondoka, nangoja.

Kesho yake sikuvumilia. Nimetoka zamu, wao wako shule,
nikasogeza unga, nikakishusha kitabu,
nikasoma nimesimama, kisha nimekaa, kisha chai imepoa.
Nikafika mwisho.
Hamna farasi. Hamna barafu inayoongea.
Ni wavulana wawili na baiskeli iliyoibwa.
Imepatikana. Wote wamefurahi.
Nikakirudisha, jalada lina vidole vyangu vyeupe.

Sheria ni msumeno. Yangu ingalipo, arobaini ni arobaini;
asubuhi anafumbua macho mwenyewe,
na hesabu juzi kapata saba kwa kumi.
Hilo silifuti.

Lakini jana, saa nne na robo usiku,
nilikwenda na kitunguu kuipimia na hadithi:
dakika kumi, kisha walale.
Nikakaa sakafuni, mgongo ukutani,
farasi akazama mpaka magotini,
nikasahau nilichokishika mkononi.
Kikalia.
Nikakisokomeza kwapani, ndani ya sweta.

Kimya upande wa pili.
Kisha Jorunn, taratibu:
"Umesikia, Eskil? Chini ya barafu kuna kuku.
Amekanyagwa."