Lenzi ya Kona ya Pili

Kauko, muuza kamera wa Rovaniemi
(kwao jina hilo maana yake Mbali,
na maisha yake yote ameuza umbali kwa milimita),
alizipanga lenzi tatu juu ya kitambaa cha kijani
akaniambia: Risten, usiniulize ipi nzuri.
Niambie unampiga nani picha,
na utasimama wapi.

Nikamwonyesha ya mwaka jana.
Ziwa la Inari limeganda, kamba ya uzio imetoka safi,
kila uzi wake unahesabika,
na mbele ya kamba, doa kama masizi yaliyopanguswa kwa kiwiko:
huyo ni Muzet, kulungu wa kaka yangu,
kilomita hamsini kwa saa,
na wekundu unaoburutwa nyuma yake juu ya ski
ni Jovnna mwenyewe. Nimeambiwa.

Ya kwanza inafika mia sita.
Nikaiinua: uzito wa mtoto wa miezi minne aliyeshiba.
Kupitia dirishani nikasoma bei ya viatu ng'ambo ya barabara,
nikahesabu na mishono.
Lakini ukiivuta mpaka mwisho jicho lake linasinyaa,
linadai mwanga, mwanga, kama mwenye deni lake mlangoni,
na siku ya mawingu kwetu mwanga hupimwa kwa kijiko.

Ya pili, mia hadi mia nne,
ilishapita mikononi mwa mwingine: ina mkwaruzo,
ina jina lililokwanguliwa likabaki herufi mbili.
Bei yake ilinichekea.
Kauko akanitoa nje kwenye baridi. Mfuate mbwa yule.
Mbwa akapita. Lenzi ikamtafuta,
ikaenda mbele, ikarudi nyuma, zzz, zzz,
kama mtu anayetafuta miwani naye ameivaa.
Ilipompata, mbwa alikuwa amefika kwao.

Ina kituliza mtikisiko, akasema, bila kuniangalia.
Najua. Kinautuliza mkono wangu.
Kulungu hakimtulizi.

Ya tatu fupi, nene, sabini hadi mia mbili,
jicho wazi, halisinyai hata ukilivuta.
Nikamfuata kunguru. Kimya.
Kunguru akaganda hewani, unyoya mmoja mmoja.
Bei yake: masufuria yote ya supu niliyopikia shule
tangu Oktoba.
Mia mbili tu, nikanung'unika. Haifiki.
Kauko akapangusa kaunta iliyokuwa safi.
Miguu unayo, akasema.

Basi Jumapili nilikuwa kona ya pili tangu saa mbili asubuhi,
hatua kumi kutoka kwenye kamba,
betri ya akiba kwapani kama yai,
glavu ya kulia imekatwa ncha ya kidole,
shata kwenye sehemu ya elfu mbili ya sekunde.
Wanaume wawili kutoka Kautokeino, wenye mizinga ya mia sita,
waliiangalia lenzi yangu, kisha wakaangaliana.

Wakafyatuka.
Muzet wa tatu. Muzet wa pili.
Mia mbili, mia na hamsini, mkono unaizungusha pete bila kuniuliza,
halafu, penye kona, Muzet akaona
kwamba kona ni wazo la binadamu.
Akanyoosha. Kwangu.
Mizinga ikanyamaza: ndani yake, walinieleza baadaye,
mlikuwa na manyoya tu.
Mia. Themanini. Sabini.
Pete ikagonga mwisho wake,
nami nikaigonga theluji kwa mgongo.

Jovnna hakupata hata soksi za kifuta jasho.
Picha ninayo.
Kwato nne hewani, ulimi nje, mvuke,
jicho moja jeusi ambamo nimo mimi, mdogo, nimeshika kitu kinene,
na nyuma ya pembe, kaka yangu, mdomo wazi.
Anadai alikuwa akimwita kulungu.
Nimeikuza mara nyingi kwenye meza ya jikoni.
Ukisema Muzet, midomo huchongoka.
Yake imetanuka, meno nje.
Hivyo hutamkwa Risten.